Moyo wa Kuazima

Jumatatu, 10 Juni
Madereva wote wa mabasi tumepimwa afya. Wiki nzima nimekula tofu ya soya na supu ya mwani. Mwili mwepesi, roho imenuna. Nikalazwa, nikabandikwa waya kifuani, mikononi na miguuni. Nikabana pumzi ili moyo utulie. Muuguzi akaniambia nipumue, hapa hawapimi maiti. Dereva mwenzangu Numata akacheka nyuma ya pazia! Ananyemelea njia yangu ya milimani, ile ya chemchemi za maji moto, tangu mwaka juzi.

Jumatano, 12 Juni
Majibu yametoka. Macho A. Mkojo A. Moyo D! Daktari Ogino, mama mwenye subira, akanionyesha mchoro. Vilima vyake vinatakiwa vifuatane kwa nafasi sawa. Vyangu viwili vimewahi zamu. Nikasema mashine mbovu. Akasema huenda si kitu, ila mchoro ule ni wa sekunde kumi, sawa na kumsalimia mtu mlangoni: hujui anaishije ndani. Nivae kidude kinachorekodi moyo kutwa kucha, niandike nafanya nini na saa ngapi. Kikionyesha kasoro, usukani anapewa Numata.
Naogopa. Bila basi mimi ni nani? Mume wa Sawako tu.

Alhamisi, 13 Juni
Wazo! Shemeji Tokuji, kaka yake Sawako. Kinyozi mstaafu, kutwa yuko kwenye ubao wa shogi, sataranji yetu ya Kijapani. Nyumba ikiungua atauliza chai iko wapi. Moyo mtulivu kama ule ndio ninaoutaka. Nimemwahidi samaki mkunga wa kuchoma, akakubali kabla sijamaliza kueleza.

Ijumaa, 14 Juni
Nimevishwa kidude hospitalini, nikahamishia kila kitu kwa Shemeji, kibandiko kwa kibandiko. Alijinyoa kifua mwenyewe huku akiusema vibaya wembe wangu. Nikaenda kazini, nikaandika kwa uaminifu mkubwa. Saa nane na robo: kona ya saba, abiria arobaini. Saa kumi: natukanana na Numata.
Jioni balaa. Waya hazitakiwi kulowa, na Shemeji hajawahi kulala bila kujitumbukiza kwenye maji ya moto. Nikalinda mlango wa bafu. Mwishowe nikaoga mara mbili, ya pili kwa niaba yake.

Jumanne, 18 Juni
Nimenyang'anywa ufunguo wa basi! Numata alikuwa tayari anajaribu glavu zangu nyeupe za udereva. Hospitalini Daktari Ogino alikuwa amepauka.
“Isobe-san, saa nane na robo moyo wako ulisimama sekunde tano. Umeandika ulikuwa kwenye kona na abiria arobaini. Uliwapitishaje?”
Nikajibu: “Kwa uzoefu.”
Akataka kunilaza leo leo, anipandikize kifaa cha kuushtua moyo kila unapozembea. Nikinyamaza, napasuliwa. Nikisema, naaibika. Na Shemeji yuko nyumbani na moyo unaojizimia ovyo! Naona haya kuandika kwamba nilisita. Kisha nikasema.
“Daktari, moyo huo si wangu.”
Akaweka kalamu chini.
“Ni wa nani, na yuko wapi sasa hivi?”

Ijumaa, 21 Juni
Shemeji amewekewa kifaa, anaendelea vizuri. Kumbe pale tulipodhani anawaza hatua inayofuata kwenye shogi, mara nyingine alikuwa amezimia kidogo. Sisi tukamwita bingwa! Kanishika mkono, kasema nimemwokoa. Sawako kalia, kaniita mpumbavu mbele ya wauguzi, kisha kanimenyea tikiti la mgonjwa.
Kazini naosha mabasi. Daktari kasema Jumatatu navaa kidude upya, moyo wangu mwenyewe, la sivyo hanitaki machoni pake.

Jumapili, 23 Juni
Nimetafakari sana, mtu lazima ajifunze kutokana na makosa yake. Kosa langu nimeliona: niliazima moyo ambao haujapimwa. Safari hii nataka uliokaguliwa. Nimeuliza ofisini, wakaniambia mchoro safi kuliko wote mwaka huu ni wa Numata.
Najua hanipendi. Lakini ana majivuno. Nikimwambia moyo wake hauwezi kukaa na waya kutwa kucha bila kutetereka, atavua shati mwenyewe. Nimemwalika chakula kesho, nikitoka tu hospitalini.