Tusiruke Hatua

Jumatatu, tarehe 3 Machi

King'amuzi kimekata kauli. Kilitoa moshi mwembamba katikati ya taarifa ya habari, kikanyamaza. Nimekipigapiga ubavuni. Wapi!

Kimechagua wakati mbaya wa kufa. Mama mkwe anakuja Ijumaa kukaa mwezi mzima, na tamthilia yake, ile ya mjane mwenye bustani ya maua, inaisha Jumamosi alasiri. Amesema wazi kwamba mzigo wake utalala pale atakapouona mwisho. Ama kwetu, ama kwa shemeji. Huyo ni mdogo wake mke wangu, fundi simu. Ukoo mzima unamwita Injinia kwa sababu aliwahi kufufua pasi.

Lazima alale kwetu. Katika ukoo huu ni mama mkwe peke yake anayenisikiliza hadi mwisho. Mwezi uliopita nilimweleza kwa simu habari za matapeli: asimpe mtu yeyote namba za siri zinazoingia kwenye simu yake, hata mtu huyo akisema ni mkwewe. Nilieleza kwa kirefu. Hakunikatiza hata mara moja.

Injinia amejitolea kuja kutuunganishia televisheni ya mtandaoni. Dakika mbili tu, eti. Nimekataa kwa adabu. Kazi ya dakika mbili ni kubahatisha. Mimi ni mtunza stoo, sipokei hata debe la rangi bila kulikagua. Nitachagua huduma mwenyewe, kwa hatua. Kwanza picha, kisha sauti, kisha rimoti. Vipindi mwisho kabisa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Huduma ni nyingi kuliko misumari. Ya kwanza ilitaka kadi ya benki hata kabla ya kunisalimia. Nimeifunga. Ya pili ni ya kistaarabu: inamruhusu mgeni ajaribu bure siku moja. Nimejiandikisha kwa namba yangu.

Nenosiri niliweka methali nzima, ile ya haba na haba, ili wezi wachoke. Sikujua kwamba kwenye televisheni linaandikwa kwa rimoti, herufi moja baada ya nyingine, kwa kusukuma kimshale. Nilipofika kwenye kibaba nikabonyeza pasipo. Nikaanza upya. Methali ni ya kweli kabisa, inajaza polepole.

Nikaulizwa ninapenda nini. Nikajibu ukweli: madaraja. Sasa inaniletea madaraja tu. Ya chuma, ya kamba, moja la kukunjuka kama mkeka! Picha safi. Sauti safi. Nimeangalia mpaka siku ya bure ikaisha.

Mke wangu aliuliza kama tamthilia ya mama imo. Nikamwambia tuko hatua ya rimoti. Akaanza kusema, "Lakini mimi..." Nikamwomba tusiruke hatua. Amerudi jikoni na simu yake, anacheka na mtu humo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimefika hatua ya vipindi. Tamthilia ya mama imo! Tena iko kwenye huduma ileile ya madaraja, nami siku yangu ya bure nimeshaimaliza, na kadi ya benki siwapi.

Akili ni mali. Siku ya bure ni ya mtu, si ya nyumba, na nyumba hii ina watu wawili. Nikaingiza namba ya mke wangu kimyakimya, niwashangaze wote. Huduma ikajibu kwamba namba hiyo tayari ina akaunti. Upuuzi mtupu. Mitambo yao ina hitilafu, nami nimewaandikia malalamiko ya kurasa mbili.

Nimelala alasiri nikiwaza, nikaamka na jibu. Mama mkwe mwenyewe! Mtazamaji wake, namba yake, siku yake. Kesho nitamwandikisha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimemwandikisha. Huduma ikatuma namba za siri kwenye simu yake. Nikampigia anisomee.

Aliniuliza ni nani. Nikasema ni mkwewe. Akasema hivyo ndivyo tapeli angesema. Nikamtajia jina la binti yake, rangi ya mlango wetu, hata mguu wake unaouma wakati wa baridi. Akasema matapeli wa siku hizi wanajua kila kitu.

Kisha akaniambia taratibu, bila hasira, "Mkwe wangu alinionya juu yako, baba. Tafuta kazi ya halali."

Akakata. Nilisimama katikati ya stoo, kati ya saruji na mabomba, nimeumia na nimejivuna kwa wakati mmoja. Mwanafunzi wangu bora!

Nikaomba namba mpya zitumwe. Nikapiga tena. Nikaomba tena, nikapiga tena. Mwishowe simu yake ikawa haipokei kabisa namba yangu. Jioni alimpigia binti yake kumtahadharisha kwamba kuna tapeli anazunguka na sauti ya mumewe, na kwamba si tapeli mwenye akili sana.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Amefika. Injinia ndiye aliyempokea stendi. Mama mkwe amenishika mikono yote miwili, kisha amefungua fundo la leso na kunipa kipande cha karatasi. Zile namba! Zote, kwa mpangilio. Alikataa kuzitoa kwa simu, akazileta kwa mkono, kama nilivyomfundisha.

Zimekwisha muda, zote.

Nikasema si kitu, yuko hapa, tuombe nyingine. Huduma imejibu kwamba namba yake imefungwa hadi Jumatatu kwa usalama wake, kwa sababu mtu asiyejulikana amekuwa akiiandama. Mtu huyo ni mimi.

Injinia aliangalia dari, akawa anapiga mluzi. Akasema kwake kuna kioo kikubwa kama kitanda, na mama akitaka waende hata sasa. Mama akasema atasubiri kesho aone. Amelala, lakini mzigo wake haukufunguliwa. Uko pale mlangoni. Nimejikwaa juu yake nikienda kunywa maji.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Saa ya tamthilia ikakaribia. Mama mkwe amekaa mbele ya kioo cheusi, amejifunika mtandio, mikono magotini. Injinia amekaa karibu na mzigo. Nilijaribu kueleza jinsi tamthilia za namna hiyo huwa zinaisha kwa kawaida. Hakuna aliyefarijika.

Mke wangu akatoka jikoni na chai. Akaweka sinia. Akachukua rimoti mkononi mwangu kama anayemnyang'anya mtoto kisu, akaingiza namba yake ya simu, akabonyeza, na yule mjane akatokea pamoja na bustani yake.

Kumbe ana akaunti siku nyingi! Injinia alimfungulia kama zawadi, akawa anaangalia kwenye simu wakati anapika.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilianza kukwambia Jumanne," akasema. "Ukasema tusiruke hatua. Nikaona nisiruke."

Mjane ameolewa na mtunza bustani. Mama mkwe amelia vizuri, akapangusa macho, akasimama, akaenda mlangoni. Injinia akainuka amsaidie. Mama akabeba mzigo wake mwenyewe, akageuka, akaupeleka chumba cha wageni.

Injinia akalalamika kwamba kwake kila kitu kinawaka.

"Ndiyo, mwanangu," mama akasema. "Lakini hakuna wa kunieleza. Huyu akianza tu kueleza, ninapata usingizi kama mtoto. Tangu yale ya matapeli sijalala vizuri hivyo."

Injinia amecheka hadi akashika ukuta. Wivu tu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nyumba imetulia. Mama mkwe yuko kwetu kwa mwezi mzima, na mwenyewe amesifu maelezo yangu mbele ya watu. Njia yangu imefanya kazi, ingawa mitambo yao ina kasoro.

Baada ya chakula nimemweleza historia ya madaraja ya chuma. Alifumba macho ili azingatie.

Sasa anataka tamthilia mpya. Nimejitolea kumchagulia, kwa hatua: kwanza picha, kisha sauti. Mke wangu amesema ipo moja ambayo mama mwenyewe ameshaichagu...

Nimemnyamazisha kwa upole. Bado hatujafika huko.