Bafungwa Watatu, Beseni Moja na Bata Mzinga

Jumatatu, 5 Juni
Baba Divine, unisamehe kwa kuchelewa kuandika. Uliniambia niandike kila siku, maana huko Lulimba simu haishiki. Lakini mutoto anaota meno, na mimi naota usingizi.
Habari mbaya. Anatole wa ng'ambo ya barabara amenunua televizio pana kama mulango wa kanisa. Kwenye ciné yetu ya video leo, watu saba, na mmoja alikuja kuchaji simu tu! Mama yako akatazama viti. Akasema kama Jumamosi ciné yetu haijai, anauza groupe, jenereta yetu, na mimi na mutoto tunaenda naye Kilembwe kulima mihogo. Sitaki!
Dawa ninayo: filamu mpya. Bafungwa watatu wanatoroka gerezani, wanaelea mutoni ndani ya beseni la kuogea, pamoja na bata mzinga. Lugha yake hakuna anayeijua hapa mjini Baraka. Vizuri. Nitatafsiri mwenyewe, kwa mikro.

Jumanne, 6 Juni
Mafuta ya groupe yaliisha kabla ya mwisho wa filamu. Maoni hayakuisha. Roger muvuvi kasema wezi hao wanapiga kasia kama wanasonga bugali. Mama Solange wa korali kasema Mukristo hawezi kumchekea mwizi anayetoroka, polisi wako wapi? Nijimbere, mkimbizi wa Burundi anayelima mahindi, hakuuliza habari ya bafungwa. Anataka kujua nani anamlisha yule bata mzinga. Toka mwanzo hajala!
Anatole akasimama mulangoni kunitakia safari njema. Mama yako ana mudomo, kamwambia habari ya Kilembwe.

Jumatano, 7 Juni
Akili imekuja nikifua nepi. Kama hakuna anayejua lugha, bafungwa ni nani? Ni yeyote nimtakaye!
Nikatangaza kwamba jana nilitafsiri vibaya kwa usingizi. Wakaamini. Macho yangu wanayaona.
Mchana, kwa bamama wa korali: ni bakatekista watatu waliosingiziwa. Solange akalia mpaka kitambaa kikalowa. Jioni, kwa bavuvi: ni bavuvi waliokamatwa kwa kuvua na nyavu za macho madogo. Roger akapanda juu ya kiti kuwatukana polisi wa filamu. Nijimbere nikamwambia bata mzinga analishwa pembeni, hawapigi picha mnyama akila. Akaridhika.
Mara zote mbili nikazima kabla ya mwisho, kwa makusudi. Mwisho ni Jumamosi, wote pamoja! Mwenyewe sijauona. Ukikaribia tu, Divine analia, au mimi nalala.

Jumamosi, 10 Juni
Imejaa! Watu mpaka nje ya bâche, turubai letu la paa. Hata Anatole kaja, kwake hakuna muntu. Mama yako kinywa wazi.
Nikashika mikro. Bamama wakadai niseme bakatekista. Bavuvi wakapiga kelele: "Beko bavuvi, mama!" Nikasema ni bakatekista wanaovua samaki. Wakatulia. Mungu ni mwema.
Kisha mwisho ukafika.
Katekista mkubwa akafungua koti: vikombe vya fedha vya kanisa, vya wizi! Korali ikavuta pumzi. Nikasema amevitunza tu. Hapo beseni likapinduka, muvuvi wangu akazama kama jiwe, akaokolewa na polisi. Roger akasimama: "Muvuvi asiyejua kuogelea? Mama Divine, unawaza sisi ni batoto?" Na mwishoni kabisa, polisi na bafungwa wakakaa pamoja, wakamla bata mzinga.
Nijimbere akatoka bila kuaga.
Viti vikaruka. Bâche ikamwangukia Anatole. Hiyo sijutii.

Jumapili, 11 Juni
Groupe imeuzwa, maana watu wote walidai pesa zao. Kanunua Anatole, nani mwingine? Mama yako amefunga mizigo, kesho tunaenda Kilembwe. Sikulia mbele ya mutoto.
Lakini nisikilize, Baba Divine. Kosa langu lilikuwa moja: kuwaweka pamoja. Kilembwe hakuna ciné hata moja! Na wote ni bakulima. Bafungwa watakuwa bakulima, kazi imekwisha. Mama yako nitamwambia ni filamu ya bamisionere.
Usinijibu hapana. Nitumie kwa moto ya kwanza, pikipiki yoyote ile: panneau ya umeme wa jua, batri, mikro yenye waya murefu, shuka jeupe pana, sirop ya meno ya Divine, na filamu nyingine yoyote ya bafungwa, yenye lugha ambayo hata wewe huijui.