Hotuba ya Uzinduzi wa Bweni la Nyoka

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa Wakurugenzi, Wakurugenzi Wasaidizi, Makaimu wao, na ninyi mliotumwa kukalia viti vyao ili visionekane vitupu. Daktari wetu wa Mifugo, bingwa wa tiba ya kila chenye miguu minne, chenye miwili na kisichojaliwa hata mmoja. Fundi Seremala, ambaye sijui kwa nini unaangalia saa. Majirani zangu wa mtaa mzima, mliokuja kwa hiari baada ya kufuatwa nyumba kwa nyumba. Mama mkwe wangu mtukufu, uliyeketi mstari wa mbele na mkoba mapajani. Mke wangu mpenzi. Na wewe mwanangu, raia mpya kuliko wote mkutanoni, ambaye tangu ulipotolewa nyumbani nimekuona kwa mbali tu. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, kamati itaundwa.

(Makofi machache. Mtoto anapiga chafya. Makofi yanakuwa mengi.)

Mimi, nikiwa Mratibu Mwandamizi wa Idara Ndogo ya Viumbe Wafugwao Majumbani, nimesimama mbele yenu, na mbele ya jengo hili ambalo mnaliona limefunikwa kwa kitambaa chenye picha ya jengo, kwa unyenyekevu ambao nimekuwa nikiusifia mara kwa mara, ili kuzindua rasmi Mradi wa Kimkakati, Shirikishi na Mtambuka wa Hifadhi ya Muda ya Nyoka wa Kufugwa kwa Kaya Zenye Wajawazito na Watoto Wachanga, ambao kwa kuwa jina lake halikuenea kwenye bango tulikubaliana, baada ya wokshopu ya siku nzima, kuuita Bweni la Nyoka. Hapa, ndugu zangu, kila familia inayofuga nyoka na kutarajia mtoto itamleta nyoka wake, atapokelewa, atapimwa, atapewa chumba chenye joto linalomfaa na mlango wenye kufuli, na atakaa humo kwa heshima zote mpaka mtoto apate akili ya kutotia kila kitu mdomoni, umri ambao wataalamu wangu bado wanaujadili, kwani baadhi yao hawajaufikia.

(Kicheko. Baadhi ya wataalamu wanapiga makofi.)

Mtauliza, wazo hili lilitoka wapi. Lilitoka nyumbani kwangu, maana kiongozi makini huanzia kwake. Wengi wenu mnajua kwamba nafuga chatu. Si chatu mkubwa, ni wa kadiri, mpole, mwenye madoa ya kupendeza, nilianza kumfuga nikiwa kapera, na siku nilipooa nilimtambulisha kwa mke wangu nikasema, huyu hapa ni shemeji yako. Basi nyumba nzima ikamwita Shemeji. Mama mkwe alipokuja kututembelea, akaonyeshwa lile sanduku la kioo na kuelezwa uhusiano, hakuigusa chai yake mpaka ikapoa, halafu akauliza, kama huyu ni mdogo wako, mimi binti yangu nimemwoza kwenye ukoo gani.

(Kicheko kirefu. Mama mkwe hacheki. "Na jibu sijapata mpaka leo," anasema.)

Jibu lako, mama, liko kwenye mchakato. Wala sioni haya kutamka kwamba nampenda Shemeji. Katika utumishi wangu wote wa umma, ndiye kiumbe pekee aliyewahi kunisikiliza kuanzia itifaki hadi shukrani bila kutoka nje kupokea simu, bila kusinzia, bila hata kufumba jicho.

(Daktari wa Mifugo ananyoosha mkono. "Nyoka hana kope za kufumba, mheshimiwa," anasema. "Na masikio pia hana.")

Ushauri wa kitaalamu umepokelewa na utawekwa kwenye faili linalohusika. Sasa niingie kwenye takwimu, kwa sababu hotuba isiyo na takwimu ni mazungumzo tu. Utafiti wetu wa paileti, uliohusisha kaya zote zilizokubali kuhojiwa, yaani yangu, umebaini kwamba asilimia mia moja ya wajawazito wanaoishi na chatu hawapaswi kusafisha sanduku lake, kwani kinyesi cha nyoka, ngozi yake na hata maji aliyojilaza ndani yake hubeba vijidudu vya salmonela, ambavyo humletea mjamzito homa na kuharisha, na vinaweza kumdhuru hata aliyeko tumboni. Kwa hiyo idara yangu ilitoa mwongozo kwamba mama akishashika mimba aondolewe mara moja katika logistiki zote za sanduku, vyombo vya nyoka visioshwe kwenye sinki la jikoni, panya wa chakula cha nyoka wasigandishwe friji moja na kitoweo cha watu, na kila amgusaye nyoka anawe kwa sabuni mpaka viwikoni. Mwongozo huo niliuzindua sebuleni kwangu, mke wangu akiwa mgeni rasmi.

("Na sanduku akasafisha nani?" anauliza mke.)

Sanduku, mpenzi, liliingia katika kipindi cha mpito.

("Mpito wenyewe mpaka harufu ikafika kwa jirani. Akaja kusafisha mama yangu, amevaa glavu na amefumba macho." Mama mkwe anaitikia kwa kichwa. Kinamama wa viti vya nyuma wanaguna.)

Nashukuru kwa fidbaki hiyo, ambayo inathibitisha kwamba wadau wameshirikishwa. Kisha mtoto akazaliwa, salama kabisa, na hapa sera yetu haina utata wowote: chumba anacholala mtoto mchanga nyoka asiingie, hata kwa ziara ya kujitambulisha, sanduku lifungwe kwa kufuli, si kwa kifuniko cha kuegesha, mtoto asiachwe na nyoka chumba kimoja hata kwa muda wa kwenda kuzima jiko, na aliyetoka kumshika nyoka abadilishe shati kabla ya kumpakata mtoto. Nani asiyejua haya? Mimi ndiye niliyeongoza Kamati Ndogo ya Kufuli. Ni kweli kwamba sanduku la nyumbani kwangu, wakati tukisubiri mapendekezo ya kamati hiyo, lilikuwa limekandamizwa kwa makabrasha ya semina. Na ni kweli pia kwamba mke wangu aliporudi kutoka hospitali, akafungua kabati achukue shuka za mtoto ambazo mama mkwe alikuwa ametoka kuzipiga pasi, alimkuta Shemeji amejikunja katikati yake, ametulia, anaota joto.

("Mwanangu nilikuwa nimembeba mkono huu," anasema mke, akiuinua kidogo. Hakuna anayecheka.)

Ndiyo. (Mheshimiwa anakunywa maji.) Ndiyo, ulikuwa umembeba.

Siku hiyohiyo mama mkwe alifunga mizigo yake, ya binti yake na ya mtoto. Aliniambia, mkwe wangu, mjukuu wangu hakanyagi tena ndani ya nyumba hii mpaka huyo ndugu yako ahame. Kauli fupi, haina hata kiambatisho. Mtu wa kawaida angemtafutia nyoka pa kukaa yakaisha. Lakini mimi si mtu wa kawaida, mimi ni taasisi, na nilimjibu mama kwamba tatizo la nyoka mmoja halitatuliwi kwa kumshughulikia nyoka mmoja, linahitaji mfumo, sera, rodimapu na jengo. Nikaahidi bweni. Tangu siku ile nakula peke yangu na nalala peke yangu. Lile beseni jipya la kumwogeshea mtoto liko palepale bafuni, halijaona maji, na kila nikiliona najiambia kesho mradi utaanza. Nina upweke, ndugu zangu, wa kiwango cha juu. Leo mradi umeanza, na leo, mke wangu, nakuomba mbele ya umma huu mrudi nyumbani.

(Fundi Seremala anakohoa na kuangalia saa tena.)

Nataka niwahakikishie kwamba sitoi ahadi hewa. Awamu ya kwanza ya Bweni, ambayo imekamilika kwa asilimia tisini na saba nukta nne, ina vyumba arobaini vya nyoka wa kadiri, wodi ya wanaojivua gamba, ukumbi wa wanafamilia kuja kuwajulia hali, na maktaba.

("Nyoka anasoma?" anauliza jirani mmoja.)

Hatujamzuia. Awamu ya pili itapanua huduma kwa kenge na vinyonga wenye barua za utambulisho, na awamu ya tatu itafanya tathmini ya kwa nini awamu ya pili imechelewa.

(Mama mkwe anasimama. "Mkwe," anasema, "mimi mambo ya awamu siyajui. Nina swali dogo. Leo jioni nyoka analala wapi?")

Humu, mama. Ndani ya jengo hili, nyuma ya mlango huu, ambao kwa heshima yako tumeufunga utepe mwekundu.

(Mama mkwe anamwachia binti yake mkoba, anauendea mlango uliosimama katikati ya kitambaa, anafungua utepe kwa mkono, anausukuma mlango na kupita. Mkutano mzima unamwona upande wa pili amesimama kwenye kiwanja kitupu, karibu na karai lililopinduliwa na kuku mmoja. "Humu?" anauliza kutoka huko.)

Hapo ulipo, mama, ni mapokezi.

(Kicheko kinachukua muda mrefu. Mkurugenzi Msaidizi mmoja anainuka na kiti chake na kuhamia kivulini, mbali na jukwaa. Kuku anapita mlangoni na kuingia mkutanoni.)

Naomba utulivu. Kinachoonekana kama kiwanja ni hatua ya jengo.

(Daktari wa Mifugo anasimama. "Mheshimiwa, usijitese," anasema. "Nyoka yuko kwangu tangu asubuhi. Mkeo aliniomba, akanipa ufunguo, nikaja na sanduku la kufuli nikamchukua. Nina chumba kule nyuma ya kliniki, atakaa mpaka mtoto akue, na ukitaka utakuja kumwona. Wewe ulikuwa bafuni unahutubia.")

Haiwezekani, Daktari. Asubuhi hii, baada ya kuoga, nilimsomea Shemeji hotuba hii yote kando ya sanduku lake, akiwa chini ya gogo lake kama kawaida, na alinisikiliza vizuri kuliko siku zote.

("Ulilisomea gogo," anasema Daktari.)

(Mheshimiwa anatafuta ukurasa unaofuata. Anaupata, anausoma kimoyomoyo, anauweka chini ya mingine.)

Ndugu wananchi, nina furaha kuwatangazia kwamba mradi umevuka malengo. Nyoka aliyekusudiwa amehamishwa hata kabla ya uzinduzi, bila tenda, bila posho na bila kikao, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya idara yangu, na wajumbe watakuja kutoka mbali kujifunza tulifanyaje. Mke wangu, kwa faida ya kumbukumbu za kikao, ulitumia utaratibu gani?

("Nilimpigia simu," anasema mke.)

Simu. Idara itaifanyia kazi teknolojia hiyo.

(Makofi, yote yakielekezwa kwa mke.)

Nayapokea makofi hayo kwa niaba yake. Sasa tuseme kaulimbiu zetu kwa pamoja, tutoke hapa na ujumbe. Nikisema nyoka, mseme kufuli. Nyoka!

("Kufuli," wanaitika wachache.)

Mjamzito!

("Asisafishe sanduku," wanaitika kinamama wote, kwa nguvu mpaka kipaza sauti kinapiga mluzi.)

Mratibu!

(Watu wanatazamana. "Asafishe yeye," anasema mama mkwe, ambaye amerudi kwa kuuzunguka mlango, na umati unaitika mara mbili.)

Maoni yamechukuliwa. Naomba nihitimishe kwa shukrani, maana mtu asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hashukuru. Nawashukuru wafadhili wa Bweni, ambao hawakutoa chochote kwa kuwa hawakuwahi kuombwa. Namshukuru mkandarasi, ambaye hakuteuliwa, pamoja na mhandisi aliyemsimamia. Nawashukuru wenye kiwanja hiki, ambao natumaini wakirudi safari watanielewa. Namshukuru mchora mabango aliyetuchorea madirisha arobaini bila kuuliza ni ya nini. Namshukuru Fundi Seremala kwa kutuazima mlango na fremu yake, mali ya mteja ambaye, kama ninavyomwona pale nyuma na mkokoteni, ameshafika kuuchukua. Namshukuru Daktari kwa kumpokea ndugu yangu. Namshukuru mama mkwe wangu, aliyeuliza swali dogo.

(Mke amesimama. Anapanda jukwaani, anamtazama mheshimiwa kuanzia kola ya shati mpaka mikono, kisha anamweka mtoto mikononi mwake. "Amelala," anasema. "Sisi tunakwenda nyumbani. Kama umebakiwa na neno, liseme polepole.")

(Mheshimiwa hana tena mkono wa kushika karatasi. Anasogea mbali na kipaza sauti, na waliokaa nyuma wanalazimika kuinama mbele ili wasikie.)

Asanteni sana. Bweni halikuwepo. Fundi, chukueni mlango wenu, ila msiubamize, mwanangu amelala.