Bunduki Yangu ya Plastiki na Sufuria za Avenue Yetu

Leo nimeaibika mbele ya avenue nzima, mtaa wote, tena nikiwa na sufuria mkononi. Acheni niwaeleze mwenyewe kabla ya jirani yangu Mama Furaha, maana yule akianza anatia chumvi.

Mnajua nina friza ya juisi na maji ya baridi. Friza inakula umeme wa zile paneli za jua juu ya bati langu. Hizo paneli ndizo zinazolisha watoto wangu. Wiki iliyopita jirani wa nyuma aliibiwa zake mchana kweupe, watu wakiwa misa. Nikasema: za kwangu hapana! Atakayezigusa atanikuta.

Shemeji yangu Papa Anto, mlinzi wa depo pale bandarini, akanielimisha.

"Ile bunduki fupi ya askari iko na ndugu yake ya raia. Inapiga risasi moja moja tu. Ile njo ya kulinda nyumba."

Moyo ukaruka. Nikaenda biro ya polisi kuuliza kibali. Mkubwa wa pale akanitazama, akalitazama kapu langu la juisi, akasema kwa upole, "Mama, rudi kwanza kwenye friza yako." (Nilimuuzia juisi hata hivyo.)

Lakini mimi nikikaza, nimekaza. Nikaagiza kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, ile ile fupi ya kiraia, ila ya plastiki, inayotema vidonge vya plastiki. Ukiiona kwa mbali unainua mikono. Ukiishika, ni nyepesi kuliko mwiko. Mwizi atajuaje? Sitamshikisha!

Leo imefika. Mvua ilikuwa inanyesha, nikavaa koti refu la mvua la baba watoto (yuko Manono, anachimba madini), nikashusha kofia yake hadi machoni, bunduki nikaivaa mgongoni kwa mkanda. Nikaanza kuzunguka nyumba kufanya mazoezi. Nyuma ya jiko nikapiga magoti. Kwenye kona ya choo nikachungulia. Jamani, nilijiona mtu!

Mara nikasikia sufuria inapigwa kwa Mama Furaha. Ngo! Ngo! Ngo! Huku kwetu anayemwona mwizi anapiga sufuria, jirani anaitika na yake, na kila nyumba lazima itoke. Usipotoka leo, siku yako utapiga peke yako. Zikaitika kulia, zikaitika kushoto.

"Muntu wa bunduki! Iko kwa Mama Sifa!"

Kwangu! Wamefuata paneli! Hasira ikanipanda. Nikakimbilia jikoni, nikanyakua sufuria kubwa ya bukari, ugali wetu, na mwiko wake, nikatoka barabarani nikipiga kuliko wote.

"Iko wapi? Mumushike! Iko wapi?"

Sufuria zikanyamaza, moja baada ya nyingine. Nikabaki napiga mimi tu.

"Weka chini!" Ni shefu, mkuu wa avenue yetu, panga mkononi.

Nikaweka sufuria chini.

"Si sufuria! Ile ya mugongo!"

Hapo ndipo nilipoukumbuka mgongo wangu. (Mungu wangu!) Nikavua mkanda, bunduki ikaniponyoka, ikaangukia jiwe, ikapasuka. Vidonge vya manjano vikatawanyika kwenye matope. Kuku wa Mama Furaha wakaja mbio wakidhani ni mahindi. Nikavua na kofia, nifanye nini tena?

Mama Furaha akashusha mwiko wake. "Mama Sifa! Ni weye mwizi, ao ni weye unamutafuta mwizi?"

"Yote mbili," nikajibu.

Avenue nzima ikacheka, wengine wakakaa chini kwenye matope. Shefu naye alicheka, kisha akaokota vipande akanigeukia. "Mama, askari angekuona vile, hangeuliza kama ni plastiki." Hapo sikucheka. Nikavua na lile koti, nikalibeba mkononi mpaka nyumbani, mvua ikininyeshea.

Sasa nimekaa mlangoni, nazitazama paneli zangu. Ziko palepale, na bado nitazilinda. Wezi mnaosoma hapa: bunduki imekufa, lakini zile sufuria mmezisikia. Zilitoka zote, hata kwenye mvua, kwa ajili yangu.

Nanyi marafiki, karibuni juisi. Atakayecheka atauziwa ya moto.