Mlo Kamili wa Ndugu Torsteni

Jumanne, 5 Aprili 1983

Yametimia. Kuanzia leo mimi ni mlezi wa mbwa. Bwana Lindkvist, mhandisi wa maji akaaye Upanga, amekwenda likizo kwao Uswidi na kunikabidhi Torsten, mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, pamoja na katoni ya makopo ya chakula chake kutoka ng'ambo. Ahadi yake ni bayana: nikimrudishia mbwa akiwa na afya njema, nafasi ya karani ofisini kwake ni yangu. Karani! Mtu mwenye kiti chenye mgongo! Mimi Isidori, niliyejifundisha mwenyewe kuwaandikia watu maombi, nikiwa nimeketi juu ya debe barazani hapa Kariakoo!

Mzee Mwinyimvua, mwenye nyumba, ameridhia mbwa akae uani, kwenye banda la kuku. Ametoa sharti moja tu: asikanyage ukumbi wa nyumba, maana yeye hupita hapo na udhu wake. Nikamhakikishia kwa kauli rasmi. Akajibu kwamba hataki kauli, anataka kamba.

Jumatano, 6 Aprili

Hofu kubwa. Msako wa wahujumu uchumi umefika mtaani kwetu. Mgambo wanaingia nyumba hadi nyumba. Mtaa wa nyuma imekutwa mifuko ya saruji barabarani, haina mwenyewe. Nami nina katoni nzima ya makopo ya kigeni chini ya kitanda!

Nimetafakari utetezi. Juu ya kila kopo ipo picha ya mbwa. Lakini kopo lenye picha ya samaki lina samaki ndani. Je, mgambo watadhani nini juu ya hili?

Nimeyatumbukiza chooni. Yote. Shimo ni refu, na kila kopo lilitoa mlio wake. Mzee Mwinyimvua alikuwa akisubiri zamu nje. Nilipotoka aliniuliza, kwa huruma ya dhati, nilikula nini jana.

Alhamisi, 7 Aprili

Nimekwenda kwa bwana mifugo kuomba ushauri. Nilitumia neno "mintarafu" mara mbili, nadhani lilimgusa. Amesema chakula cha kupika nyumbani chafaa sana, ila kiwe kamili. Nyama au maini yatangulie. Nafaka kiasi. Mboga zilizoiva. Ganda la yai, lisagwe hadi liwe unga, kwa ajili ya mifupa. Kitunguu ni sumu. Mifupa iliyopikwa ni hatari.

Na jambo kubwa kuliko yote, akasema, nisimbadilishie ghafla. Nichanganye kipya kidogo kidogo na kile cha makopo, hadi tumbo lizoee.

Nikamshukuru. Nikatoka. Nikasimama juani.

Jumamosi, 9 Aprili

Nimemsongea ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada. Torsten aliutazama. Kisha akanitazama mimi. Kisha akaukalia.

Jioni njaa ilimshinda, akala. Afadhali asingekula. Uani hapapitiki. Scholastika, mama ntilie ambaye chumba chake kinatazamana na changu, alipita na sufuria kichwani akisema mbwa huyo anahitaji mganga, na mwenyewe pia. Yeye huwapikia makuli sokoni. Mambo ya lishe bora hayajui.

Mbavu za Torsten zaanza kuhesabika. Naona kiti changu cha karani kikiondoka kwa miguu yake minne.

Jumatatu, 11 Aprili

Nimepata maini! Na mapafu! Nilipanga jiwe langu linishikie nafasi kwenye foleni ya bucha kabla ya jua kuchomoza, kama wafanyavyo wengine, ila langu nililiandika jina kwa chaki. Niliporudi nikalikuta limesogezwa nyuma ya tofali. Nikatoa maelezo marefu juu ya haki ya jiwe. Mama mmoja akanikatiza: "Kaka yangu, hapa hatusikilizi risala. Tunasikiliza panga la bucha." Watu wakacheka. Lakini nimepata.

Msiba ulianza nilipopika. Harufu ya maini ilienea nyumba nzima. Milango ikafunguka. Scholastika akatokea na mwiko mkononi, akauliza nani kaoa. Muda si mrefu akaingia Mzee Kitwana, balozi wetu wa nyumba kumi, akitanguliza pua. Akataka kujua mtu asiye na mke wala mtoto ana shughuli gani na maini yote yale, katika siku hizi ambazo watu wanalala na kunde.

Ningesema kweli ningeonekana mwendawazimu, au mhujumu. Nikasema nina mgeni. Mgonjwa. Ndugu yangu kutoka Rombo, amefika usiku. Jina lake? Nikasema Torsteni.

Hakuna aliyeshangaa! Sisi watu wa Kilimanjaro kwa majina tunaaminiwa lolote. Na jina la mbwa hawalijui. Hapa nyumbani wanamwita "hicho".

Balozi akanilaumu kwa kutomwandikisha mgeni mapema. Scholastika akainama juu ya sufuria yangu, akasema kwa mapishi haya mgonjwa nitamzika. Akainyakua.

Jumatano, 13 Aprili

Aibu na nafuu kwa pamoja. Scholastika ndiye anayepika sasa. Nimempa masharti kwa mpangilio ulionyooka: pasiwe na chumvi, pasiwe na kitunguu, pawe na mchicha, na unga wa ganda la yai. Akauliza ni ugonjwa gani unaotibiwa kwa maganda. Nikasema wa mifupa. Akasema watu wa milimani tuna maradhi ya ajabu, kisha akatwanga.

Nachukua bakuli, naingia nalo chumbani, nalipitisha dirishani hadi bandani. Torsten analamba hadi rangi ya bakuli inabanduka. Tumbo limetulia. Manyoya yanang'aa. Kiti cha karani kinarejea!

Hata hivyo sikulala. Mzee Mwinyimvua amenikumbusha kwamba mgonjwa hujuliwa hali. Wanakuja Ijumaa, baada ya swala, wote.

Ijumaa, 15 Aprili



Niliwaza kuweka mito kitandani. Lakini mito haipumui. Nikamviringisha Torsten kwenye blanketi, na kwa kuwa dirishani haenei, nikampitisha ukumbini mikononi kama mtoto. Kwa hiyo, kisheria, hakukanyaga. Nikamlaza. Nikafunga dirisha. Nikawaeleza waliofika kwamba mwanga unamuumiza.

Mwanzo ulikwenda vizuri kupita matarajio. Mzee Mwinyimvua, katika kanzu yake ya Ijumaa, akauliza mgeni ameamkaje. Torsten akaguna. Wote wakasema pole sana. Balozi akauliza kama amekuja na barua ya utambulisho kutoka kwa balozi wa kwao. Torsten akapumua kwa nguvu. Balozi akasema basi, basi, asisumbuliwe, italetwa.

Ndipo Scholastika akafunua sufuria.

Blanketi likainuka. Likashuka kitandani. Likapita juu ya Mzee Mwinyimvua, likamlamba sikio, likafika kwenye sufuria. Ikasikika sauti ya kula.

"Isidori," akasema Mzee Mwinyimvua, polepole sana, "nduguyo ana mkia."

Yaliyofuata siyaandiki yote. Balozi alilalamika kwamba amekwisha mwombea mgonjwa mgao wa sukari. Scholastika alinikumbusha maganda yote aliyotwanga, akaniuliza kama huko Rombo ukoo wetu mzima unabweka. Nilianza kujieleza. Nilikuwa katika "naomba kuweka bayana" mwiko uliponipata begani.

Jumamosi, 16 Aprili

Nimeosha ukumbi mara saba, mojawapo kwa udongo, huku Mzee Mwinyimvua akisimamia kutoka kwenye kiti. Nimefua kanzu yake vivyo hivyo. Amesema angenifukuza, ila hajapata kucheka namna ile tangu mkewe afariki, na ananiomba nisimkumbushe kwamba alicheka.

Scholastika amegoma. Nimepika mwenyewe. Torsten amenusa, akaenda kulala mbele ya dirisha la mama huyo. Amelala hapo kutwa, akipumua kwa namna ya kulaumu. Nilikuwa naandaa maombi ya radhi, yenye utangulizi, nilipomsikia akisema, "Njoo baba, wewe huna kosa." Alikuwa akimwambia mbwa.

Jumamosi, 23 Aprili

Siku ya hukumu. Bwana Lindkvist amerudi na kufika uani mwenyewe. Alimkuta Torsten amenenepa, anang'aa kama kiatu cha mjumbe wa mkutano. Alifurahi hadi macho yakawa mekundu. Akafungua kopo alilokuja nalo. Torsten akanusa, akalirushia mchanga kwa miguu ya nyuma, akaenda zake kwa Scholastika, akalaza kichwa juu ya miguu yake.

Bwana Lindkvist akauliza nani anapika. Nikaanza: "Mintarafu ya lishe ya mnyama huyu..." Balozi akamwonyesha Scholastika kwa kidole. Bwana akamwomba aende akapike kwenye kantini ya mradi, wafanyakazi kwanza, Torsten baadaye. Scholastika akasema atafikiri, na wakati anasema tayari alikuwa anafunga sufuria zake.

Kisha Bwana Lindkvist akanigeukia mimi. Akanishukuru. Akaomba makopo yaliyobaki, kwa kuwa kuna mwenzake ana mbwa.

Nikasema yamehifadhiwa mahali salama.

Wapi?

Nikasema ni mahali ambapo kwa sasa hapafikiki kwa urahisi. Mzee Mwinyimvua, ambaye hakuulizwa, akaelekeza fimbo chooni. Akasema sasa ameelewa ile siku tumbo langu lilikuwa na nini.

Bwana Lindkvist hakukasirika, ningependelea akasirike. Alisema tu kwamba karani anayemhitaji ni yule ambaye akiulizwa kitu kiko wapi, anasema kiko wapi. Akanipa mkono. Torsten hakugeuka nyuma.

Jumapili, 24 Aprili

Nimepima jambo hili kwa utulivu, pasipo upendeleo. Kosa halikuwa kwenye mpango. Mpango ulikuwa imara. Kosa lilikuwa kwa mgonjwa: hakujua kulala, hakujua kunyamaza, na hakuwa na neno la kumjibu mtu mzima anayemjulia hali.

Kwa bahati njema, mama mmoja wa Kifini, jirani yake Bwana Lindkvist, anasafiri Alhamisi na anatafuta mtu wa kumtunzia kasuku. Naye ofisini kwake hana karani. Nimekubali papo hapo. Kasuku hula mbegu za ng'ambo, zinakuja katika mfuko mkubwa wenye maandishi ya kutia shaka. Hizo nitajua la kufanya.

Asubuhi hii nimemwarifu balozi kwamba napokea mgeni mwingine, shangazi yangu, ameugua miguu hawezi kutoka nje. Balozi akafungua daftari lake la wageni. Nikamwambia aje wakati wowote apendao kubisha hodi.

Safari hii mgonjwa atamjibu mwenyewe.