Mkuu wa Uokozi Juu ya Shehena ya Mchele

Jumatatu, 9 Februari 1852. Mwamba wa Carysfort.
Mimi wa kwanza! Mashua nane zilikimbilia meli iliyokwama, Charlotte Dean, alfajiri, na aliyetangulia kuipanda ni mimi, Ephraim Pinder wa Key West. Meli imekaa juu ya matumbawe, imelala ubavu, nahodha wake Hallett analia waziwazi. Nikamwonyesha leseni ya uokozi niliyopewa na jaji, nikajitangaza mkuu wa uokozi. Ndiyo desturi yetu: wa kwanza kupanda ndiye anayeamua nani afanye kazi na nani atazame. Mshindani wangu Asahel Lowe alifika na skuna yake, merikebu kubwa ya milingoti miwili, dakika nne baadaye. Nikamwambia atazame. Uso wake! Nimeusubiri uso ule miaka kumi na moja.

Shemeji yangu Shem Albury alizamia, akarudi amekunja ndita. Chini kuna tundu la kupita ng'ombe. Shehena ni mchele wa Charleston, na maji yameshaufikia. Kanisihi niite mashua zote tuutoe leo hii. Nikamwambia wengi maana yake kugawana malipo ya uokozi. Nimeamuru vifuniko vyote vya sitaha vipigiliwe misumari, Lowe asije akadokoa. Misumari mirefu. Akili hizi!

Jumanne, 10 Februari
Maji yakijaa, meli inainuka kidogo, kisha inajibwaga mwambani hadi meno yangu yanagongana. Hallett na mabaharia wake wamehamia kwa Lowe. Mimi siwezi kuondoka. Mkuu akishuka, ukuu ni wa atakayepanda baada yake, na Lowe ameegesha hatua hamsini tu, anapika supu ya kasa makusudi. Harufu yote inakuja huku. Mchana alipaza sauti: "Pinder! Njoo ule, bwana! Au unasubiri wali wako uive?" Watu wake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilikula biskuti kavu kwa heshima.

Jumatano, 11 Februari
Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Sitaha inapanda! Asubuhi Shem aliweka chungwa katikati ya ubao, likabingirika kulia. Akaweka jingine, likabingirika kushoto. Mchele umevimba, hauna pa kwenda, unasukuma. Mbao zinalia chini ya makalio yangu ninapoandika.

Shem akasema tufungue vifuniko. Tumejaribu tangu saa tatu. Misumari haing'oki. Watu wangu wawili wamejitosa na kuogelea kwa Lowe, wakapewa supu. Mimi sijui kuogelea. Anajua mke wangu Keturah tu, na sasa daftari hili.

Nimepata dawa: nimejifunga kiunoni kwa kamba kwenye mlingoti. Sasa sianguki baharini wala sishawishiki na supu. Shem akaniuliza, "Shemeji, meli ikienda chini, mlingoti unabaki wapi?" Nikamwambia asilete mikosi.

Alhamisi, 12 Februari. Ndani ya skuna ya Lowe.
Nisamehewe mwandiko, daftari limelowa.

Saa nne, maji yakijaa. Ukasikika mlio, nikadhani mzinga. Sitaha ilipasuka kutoka mbele mpaka nyuma, mchele mweupe ukafoka, mzito, umeloa, ukanifikia magotini, kisha mapajani. Ubavu ukafunguka. Mlingoti ukaanza kuinama kuelekea kwenye maji makuu, na mimi nao! Nililiita jina la mama yangu. Nililiita na la Lowe, kwa bahati mbaya kwa sauti kubwa zaidi. Shem akakata kamba kwa kisu cha kuchinjia kasa, Lowe mwenyewe akanivuta kwa ukosi wa koti. Hata Hallett amelia upya. Hakikuokolewa kitu isipokuwa kengele ya meli na mimi.

Lowe akanipa bakuli la supu, akasema, "Kula, Mkuu." Nimekula. Ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe.

Jumatatu, 16 Februari. Key West.
Jaji alinisema saa nzima mbele ya mji mzima. Kosa jingine moja na leseni inachanwa. Keturah amenishika mkono nimwapie kwamba siku nyingine nitaita mashua zote. Nikaapa. Nilimaanisha kila neno.

Saa nane, mlinzi wa mnarani akapiga kelele: meli mwambani! Nimekimbia, nimewatangulia wote, naandika haya juu ya sitaha yake. Lowe yuko nyuma dakika tisa. Inavuja kidogo tu upande wa mbele. Safari hii nimekuwa makini, nimeuliza kwanza imebeba nini. Chokaa isiyozimwa, mapipa mia sita; Shem anadai ikipata maji huchemka na kuvimba. Chokaa! Nani amewahi kusikia chokaa ikavimba? Nimemtuma Shem alete misumari. Sijui kwa nini amejitosa baharini.