Mapapai Matatu ya Kozi ya Vimeng'enya

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumechagua kozi za hiari za biokemia. Kila mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza lazima achukue moja. Walimu walikaa kila mmoja na meza yake, na sisi tukapanga foleni. Binamu yangu, tuliyemaliza naye shule na sasa tunalala naye chumba kimoja bwenini, alikimbilia Biokemia ya Michezo. Foleni ilifika hadi ngazini.

Mimi nilisimama nyuma ya nguzo. Nina mpango. Meza ya Vimeng'enya vya Chakula haikuwa na mtu. Mwalimu wake, mama mzee wa miwani minene, alikuwa anamenya chungwa. Penye watu wachache, macho ni machache. Shuleni nilikaa miaka minne nyuma ya msichana mrefu, na sikuwahi kuulizwa swali. Nikaenda nikaandikisha jina. Mwalimu akanipa nusu ya chungwa.

Hongera kwangu! Akili ni mali.

Jumanne, 4 Machi

Aibu.

Ukumbi una viti mia. Nilikaa safu ya mwisho kabisa. Mwalimu akaingia, akajaribu kipaza sauti, akasema tuwasubiri wenzangu. Tukasubiri. Hakuna wenzangu.

Basi akafundisha kwa kipaza sauti. Akauliza kama sisi wa nyuma tunamsikia. Nikajibu ndiyo kwa niaba ya wote. Kila swali likawa langu. Akisema "mwingine?", huyo mwingine ni mimi. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Ila nakiri anafundisha vizuri. Kimeng'enya, alisema, ni kama mkasi mdogo usioonekana, unaokata chakula hadi mwili uweze kukitumia. Papai bichi lina mkasi wa kukata nyama. Ukisugua kipande kidogo kwenye nyama ngumu, ukaiacha nusu saa tu, inalainika. Alipokuwa anasema hayo macho yake yaling'aa nyuma ya miwani.

Mwishoni akanieleza kanuni mpya ya mwaka huu. Tusipofika sita Ijumaa ya wiki ijayo, kozi inafutwa. Yeye anastaafu muhula huu, alitamani amalize akiwa na darasa. Mimi nitahamishiwa kwenye kozi pekee iliyobaki na nafasi: Biokemia kwa Jamii. Kule kila wiki mwanafunzi anasimama stendi ya mabasi na spika, anawaeleza wasafiri habari za sukari kwenye damu.

Stendi! Na spika!

Jumatano, 5 Machi

Lazima nipate watu watano, lakini nisizungumze na hata mmoja. Nimepata njia. Nimemwambia Binamu kwa siri kwamba Mwalimu wa Vimeng'enya hafelishi mtu. Binamu na siri ni kama tenga na maji.

Sikudanganya. Sijawahi kumwona akimfelisha mtu. Ni kweli nimemjua siku mbili tu.

Alhamisi, 6 Machi

Ukumbi umejaa! Mwalimu alifika mlangoni, akarudi nje kusoma namba ya chumba. Akaingia tena. Akavua miwani akaifuta polepole, akanitazama kama mtu aliyeletewa zawadi. Moyo wangu ulijaa.

Halafu kijana mmoja wa mbele akainua mkono: "Mwalimu, eti huku hakuna kufeli?"

Mwalimu akauliza nani kasema. Binamu, bila hata kubanwa, akageuka akaninyooshea kidole. "Huyu dada hapa." Shingo zote zikageuka. Uso ukaniwaka moto.

Mwalimu akasema kwa utulivu kwamba mwaka jana darasa lake lilikuwa na wanafunzi wawili, na mmoja alifeli. Ukumbi ukamwagika kama beseni lililotoboka. Tukabaki wawili, mimi na yeye. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, ungewaambia ukweli. Vimeng'enya vyenyewe vinatosha."

Bora angenigombeza.

Jumamosi, 8 Machi

Mama kapiga simu. Akauliza ninaendeleaje darasani. Nikamwambia mimi ni wa kwanza. Si uongo. Ni wa kwanza na wa mwisho. Akapiga kigelegele, nikamsikia akimwita baba aje asikie. Nikakata simu nikajifunika shuka.

Chini ya shuka likaja wazo. Nyama ya kantini! Binamu husema ile si nyama, ni soli yenye mchuzi. Ikilainika siku moja, chuo kizima kitajiuliza kulikoni. Mwalimu atawaeleza, maana hula pale pale. Watakuja kwa ukweli, kama alivyotaka, na mimi sitafungua mdomo!

Nimenunua mapapai mabichi matatu.

Jumapili, 9 Machi

Nimefanya mazoezi ya sentensi mbele ya kioo tangu asubuhi: "Sugua kipande kidogo kwenye nyama, kiache nusu saa, kisha osha." Si ngumu.

Mpishi wa kantini ni mtu wa miraba minne mwenye sauti ya tarumbeta. Aliniuliza mbele ya foleni nzima, "Haya binti, mapapai ya nini?" Vichwa vikageuka. Nikasema, "Ya nyama." Nikakimbia.

Sentensi iliyobaki nilitoka nayo mdomoni.

Nikiwa nje barazani nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba hawa wa udaktari wamesoma, hawakosei. Ayatie yote, yalale na nyama hadi kesho. Nilipaswa kurudi. Nilirudi, nikafika mlangoni. Lakini ndani kulikuwa na watu.

Nikaenda bwenini.

Jumatatu, 10 Machi

Nyama hakuna.

Kwenye sufuria kulikuwa na kitu kama uji wa kahawia. Nyama ya chuo kizima! Binamu alitia kijiko, akakiinua, kikatiririka. "Jamani, nani katutafunia?"

Mpishi akatoka na upawa mkononi, akauliza yuko wapi yule binti wa mapapai. Nilikuwa chini ya meza. Binamu akainua kitambaa cha meza. "Huyu hapa." Mara ya pili kwa wiki moja! Undugu gani huu?

Mpishi alipokuwa anakuja, Mwalimu akaacha chai yake. Akaichungulia ile sufuria kama bibi anayemchungulia mjukuu mchanga. Akauliza mapapai mangapi. Akauliza yalilala muda gani. Kisha akagonga sufuria kwa kijiko, na kantini ikanyamaza.

Alisema mkasi wa papai haujui kushiba. Usipouosha wala kuupika, utakata hadi kusiwe na cha kukata. "Kazi hii matumbo yenu huifanya kila siku. Leo sufuria imewasaidia." Watu wakacheka. Mmoja akauliza kama na samaki ingekuwa hivyo. Mwingine akauliza kwa nini basi papai halitukati sisi midomo. Mpishi naye akauliza, upawa ukiwa umeshuka. Mwalimu alijibu hadi chakula kikapoa, kama kile bado kilikuwa chakula.

Mimi niliyasikiliza yote nikiwa chini ya meza.

Ijumaa, 14 Machi

Tumefika wanane! Kozi imepona. Binamu naye kahamia, anasema kumbe kwenye Michezo kuna kukimbia.

Baada ya kipindi nilimweleza Mwalimu yote: sentensi, mlango, watu waliokuwa ndani. Akasema siku moja nitakachokuwa naeleza ni dozi ya dawa, na anayengoja kusikia nusu ya pili atakuwa mgonjwa, si nyama ya kantini. Nililia pale pale koridoni. Chuo kizima kilikula mkate mkavu Jumatatu kwa sababu yangu, lakini hilo la mgonjwa ndilo lililoniingia.

Nimeapa. Kuanzia leo namaliza sentensi zangu.

Nikaenda kumwomba Mpishi radhi. Nilisema samahani. Akasema hasikii, niongeze sauti. Nikaondoka. Ila nilisema.

Jumamosi, 15 Machi

Balaa! Mwalimu ametangaza kwamba Jumatano darasa letu litatoa mhadhara kantini, mbele ya chuo kizima, Mpishi akiwa mgeni wa heshima. Mzungumzaji ni "mgunduzi wetu wa mapapai". Wote wakapiga makofi. Binamu aliita jina langu mara mbili, kana kwamba yuko mwingine.

Nikapekua masomo yetu. Nikapata! Nanasi nalo lina mkasi kama wa papai. Ndiyo maana ukilila kwa wingi ulimi unawasha na kuchubuka. Na ulimi ni nyama. Mtu mwenye ulimi uliochubuka hawezi kuhutubia, na hapo si kuona haya tena, ni ugonjwa.

Nimenunua mananasi manne.

Nilitaka kumuuliza Mwalimu kiasi kinachofaa. Nilifika hadi mlangoni kwake. Lakini ndani kulikuwa na watu.

Nitakula yote.